Ukuta wa Fundi Unatoka Jasho

Mambo yaliamuliwa Jumatano mchana, sebuleni, mwenyewe akiwa hayupo. Au tuseme alikuwepo, maana kati ya sebule na chumba cha pasi kuna pazia tu, na pazia halijawahi kuziba masikio ya mtu. Mama Pasi alikuwa amesimama mezani ananyoosha shuka ya mteja, akawasikia mumewe na mwanawe wakipanga maisha yake kama watu wanaotafuta pa kuhamishia kabati.

"Jumamosi asubuhi nakuja na gari," alisema mwana. "Akae kwangu mpaka kifua kipone."

"Na kikishapona?" aliuliza baba.

"Tutaona. Kwani huku anafanya nini, Baba? Kwangu kuna chumba kizuri, kuna mashine ya kufulia, kuna televisheni. Apumzike."

"Sawa. Na ukuta nao upate kukauka. Nikimaliza kupiga plasta upande wa jirani nitakuambia."

Mama Pasi aliinua pasi kabla haijaunguza shuka. Apumzike! Alikuwa na miaka sitini na miwili, na alijua vizuri kwamba mzee akianza kuambiwa apumzike, watu wameshaanza kumtoa njiani. Angekaa kwenye kochi la mkwewe, miguu pamoja, rimoti mapajani, anangoja kuitwa chakula. Mkwe ni mtu mzuri, hana shida naye. Lakini nyumba hii aliichotea maji ya kuchanganyia saruji, ndoo kwa ndoo, mimba ya huyo huyo anayetaka kumpumzisha ikiwa tumboni. Leo aiache kwa sababu ukuta unataka kukauka?

Mtaa mzima ulimwita Mama Pasi, hata wale wasiojua kama ana jina jingine. Alifua na kunyoosha nguo za watu, na kola ikitoka mkononi mwake ilisimama yenyewe. Mumewe aliitwa Fundi, basi, bila nyongeza, utadhani mafundi wengine wote walikuwa wanajaribu tu. Na kusema kweli alikuwa fundi. Ukuta wake ulinyooka, kona yake ilikuwa kona, na plasta yake ungeweza kuipitishia shavu. Shida yake ilikuwa moja: alivipenda vitu alivyojenga kuliko watu waliokaa ndani yake, na hakuwa na habari.

Tatizo lilikuwa chumba cha kulala. Nyuma ya kabati, kwenye kona iliyo upande wa jirani, kulikuwa na madoa meusi yaliyoanza kama vinukta vya kalamu na sasa yamefika darini. Kuvu. Ilipanda kwenye godoro, ikaingia kwenye viatu vya Fundi vya harusini, ikala mkoba wa ngozi. Wiki iliyopita ilifanya jambo lisilosameheka: ilitia madoa kwenye taulo la mteja. Kila asubuhi vioo vya madirisha vilichuruzika maji, na Mama Pasi alivifuta kwa kitambaa, akakikamua ndooni, akavifuta tena. Kifua chake nacho kilikuwa kimeanza kupiga filimbi.

Fundi alikuwa na jibu lake tayari. Ni mfereji wa jirani, alisema. Maji ya mvua yanatoka kwenye bati la jirani, yanapiga ukuta kwa nje, yanapenya. Jirani mwenyewe, mwalimu mstaafu asiyeweza kugombana hata na kuku, alikuwa ameshabadilisha mfereji mara mbili ili yaishe, na bado hakusalimiwa. Kila mwaka mvua zikianza Fundi alikwangua ukuta, akapiga plasta yenye dawa ya kuzuia maji, na juu yake rangi ya mafuta inayong'aa mpaka unajiona. Kuvu ilipotea wiki tatu. Ya nne ilirudi, tena na ukoo wake.

Hapo mwanzo nyumba ilikuwa na matundu ya hewa, mawili juu ya kila dirisha. Lakini miaka minne iliyopita barabara ya mbele ilichimbwa, vumbi likaingia, Fundi akachukia. Aliyaziba matundu yote, akapiga plasta juu yake, akailainisha kwa ule mkono wake usiokosea, hata ukiyatafuta yalipokuwa huyaoni. Akang'oa madirisha ya mbao, yale yaliyokuwa yakipitisha upepo kwenye maungio, akaweka ya alumini yenye mipira pembeni. Siku alipomaliza alisimama sebuleni, mikono kiunoni.

"Nyumba hii sasa ni chupa," alisema. "Vumbi halipiti, mbu hapiti, kelele hazipiti."

"Na mimi humu ndani ni nini, soda?" aliuliza Mama Pasi.

Fundi alicheka sana. Alidhani ni utani.

Muuguzi wa zahanati ndiye aliyeleta maneno yote haya, ingawa yeye hana kosa. Alimsikiliza Mama Pasi kifua mbele na nyuma, akamuuliza analala wapi, pakoje, panapitisha hewa? Kisha akasema hivi, na Mama Pasi aliyashika neno kwa neno: "Mama, dawa nakupa, lakini chumba chako kinahitaji hewa. Na hiyo kuvu iondoke." Mwana, aliyekuwa amempeleka kwa gari, alimsimulia baba yake kwamba Mama anahitaji hewa. Baba akamsimulia mkwe kwamba Mama anahitaji hewa nyingine. Mpaka Jumatano inafika, ile hewa imeshakuwa safari, na aliyetakiwa kuondoka si kuvu tena.

Mwana alipokwenda zake, Mama Pasi alitoka nyuma ya pazia.

"Nimesikia," alisema.

Fundi alijikuna shingo. "Ni kwa afya yako, mama."

"Na wateja wangu?"

"Watapata mwingine."

"Hivyo tu? Watapata mwingine?" Alimtazama mpaka akainamisha macho. "Siendi."

"Mtoto ameshapanga."

"Mimi ndiye niliyemzaa. Yeye hakunizaa."

Ilikuwa imesemwa vizuri, na kisha akaharibu kwa kukohoa. Alikohoa mpaka akashika meza, machozi yakamtoka, na Fundi akamletea maji. Huruma ile ilimuudhi kuliko ubishi. Alijua kwamba Jumamosi akisimama mlangoni na kifua kinachopiga filimbi namna hii, maneno yake yote hayatafika popote. Watambeba na kiti chake.

Alihitaji kitu ambacho Fundi hawezi kukibishia. Na Fundi alikuwa anambishia kila mtu duniani isipokuwa mmoja: Fundi mwenyewe.

Wakati watoto wakiwa wadogo, Mama Pasi ndiye aliyekuwa akimpelekea chakula kazini. Alikaa pale juu ya rundo la mchanga akimngoja amalize kula, na macho hayakuwa yamefumbwa. Aliona mengi. Aliona jinsi mteja akitaka kuwekewa sakafu ya mbao, Fundi hakukubali kazi kabla ya kupima unyevu. Alikata vipande vya nailoni, akavibandika sakafuni, akaziba kingo zote kwa utepe wa gundi, akaondoka siku mbili. Akirudi alimwita mteja aje aone kwa macho yake. "Maji yakiwa chini ya nailoni," alimwambia, "yanatoka kwenye sakafu, hiyo ni kazi yangu. Yakiwa juu ya nailoni, yanatoka hewani, hiyo ni kazi yako. Hapa hakuna maneno." Nyumba ngapi alizipima hivyo? Nyumbani kwake hakuwahi kupima hata siku moja, kwa kuwa jibu alikuwa nalo.

Alhamisi asubuhi, Fundi akinywa chai, Mama Pasi alisogeza kabati. Lilimgomea, akajikaza kisabuni, likasogea. Akafuta ukuta kwa kitambaa kikavu, akakata nailoni safi ya kufungia nguo za wateja, vipande vitatu vya ukubwa wa sinia. Kimoja akakibandika kwenye kona yenyewe, kimoja katikati, kimoja karibu na dirisha. Akaziba kingo, akapitisha kidole gumba kote, kama alivyomwona mwenyewe akifanya.

Fundi alitokea mlangoni na kikombe mkononi. Alitazama ukuta muda mrefu.

"Nani kakufundisha hiyo?"

"Wewe."

"Mimi? Lini?"

"Ulikuwa unaongea na wateja. Mimi nilikuwa nashika bakuli."

Alikaribia, akakagua kingo moja baada ya nyingine, na ungemwona jinsi alivyotamani kukuta kasoro. Hakukuta. Akanywa chai yake.

"Vizuri sana," alisema. "Jumamosi tufungue mtoto akiwepo. Aone maji ya jirani yanavyoingia kwangu. Labda atanisaidia kumshtaki huyo jirani."

"Tutaona," alisema Mama Pasi. "Ila usiguse. Wala usifungue dirisha kwa ujanja. Tukae kama tunavyokaa siku zote."

Wakakaa kama siku zote. Mvua ilinyesha siku mbili bila simile. Alichemsha maji ya kuoga, alipika maharagwe kwa saa tatu, alifua, na kwa kuwa nje hakuanikiki alitundika nguo za watu kwenye kamba chumbani, mashati kumi na mawili na mapazia mazito yanayodondosha maji sakafuni. Alipiga pasi huku mvuke ukipanda mpaka miwani yake ikaingia ukungu. Usiku walifunga dirisha na mlango wakalala, na Fundi alikoroma kama kawaida yake. Mama Pasi alikaa macho akisikiliza kifua chake. Aliogopa, tusimfiche. Je, kama maji yatakuwa nyuma ya nailoni? Atafunga virago vyake kwa mkono wake mwenyewe, na wao watakuwa na haki.

Jumamosi mwana alifika mapema, viatu vinang'aa, ufunguo wa gari kidoleni. Ni mtu wa ofisini, mtoto mwenye heshima, na kila anapoingia nyumba ya wazazi wake huwa anakunja pua kidogo kisha anajikumbusha kuikunjua.

"Shikamoo Mama. Uko tayari?"

"Marahaba. Njoo kwanza chumbani. Baba yako anataka kukuonyesha kitu."

Fundi alikuwa amevaa shati zuri kwa ajili ya shughuli hiyo. Alimweleza mwanawe kipimo chote tangu mwanzo, kwa sauti ile ile ya kuongea na wateja, na Mama Pasi akasimama nyuma yao mikono kifuani, midomo inatembea naye neno kwa neno. Kisha Fundi alishika ukingo wa kipande cha kona, akakibandua taratibu. Akapitisha kiganja ukutani, pale nailoni ilipokuwa imebandikwa. Akakipitisha tena. Akanusa vidole.

Ukuta ulikuwa mkavu. Mkavu kama unga. Lakini uso wa nailoni ulioangalia chumbani ulikuwa umejaa matone, yanakimbizana kuelekea chini. Kipande cha pili hivyo hivyo. Cha tatu, cha karibu na dirisha, kilimlowesha mkono wa shati.

Fundi aliikodolea macho ile nailoni. Halafu uso wake ukafunguka wote.

"Si nilisema!" alipiga kelele. Alichokuwa amesema kwa miaka minne ni kinyume chake kabisa, lakini furaha ilishamzidi. "Si nilisema! Ukuta wangu haupitishi hata tone! Hebu shika hapa, mwanangu, shika. Mvua yote hii, na ukuta mkavu! Nani mwingine anajenga ukuta kama huu?"

"Sasa maji yanatoka wapi, Baba?"

"Humu humu ndani." Aligeuka akamnyooshea mkewe kidole, si kwa ubaya, kwa ushindi tu, kama mtu aliyepata funguo zake. "Ni ya mama yako. Masufuria yake, mabeseni yake, nguo mbichi anazotundika hapa, hiyo pasi yake inayofuka. Yanapanda hewani, hayana pa kutokea, yanakutana na ukuta wa baridi, yanageuka maji. Pumzi yake pia. Ukuta hauna kosa!"

Mwana aliwaza kidogo. Ni mtu wa kutafuta ufumbuzi, wamemsomesha kwa hilo.

"Kwa hiyo Mama akiondoka, ukuta utakauka?"

"Kabisa," alisema Fundi. "Wiki mbili tu."

Hakuna aliyesema neno hilo kumuumiza. Ndiyo sababu lilimuumiza hivyo. Mama Pasi alihisi moto unamtoka miguuni unapanda, na ulipofika kifuani ile filimbi ikanyamaza yenyewe.

"Rudia," alimwambia mumewe.

"Nini?"

"Ulivyosema. Nikiondoka mimi nini kitakauka?"

Fundi alianza kuona kwamba amekanyaga mahali. "Mama, mimi nilikuwa naeleza tu jinsi..."

"Umeeleza vizuri. Ni kweli, maji ni yangu, sikatai hata tone. Napika, nafua, naoga, napumua. Wewe pale pembeni unakoroma unatoa ya kwako, lakini tuseme yote ni yangu. Mtu aliye hai anatoa maji. Mkitaka nyumba kavu kabisa, lazeni maiti humu." Sauti yake haikupanda, na hilo liliwatisha wote wawili. "Mwenyewe umesema hayana pa kutokea. Nani aliyapa pa kutokea, na nani akapaziba? Hebu niambie, Fundi. Nyumba hii uliijenga ukuta ukae vizuri, au mimi nikae?"

Fundi aliinua macho pale juu ya dirisha. Akayashusha.

"Mama, usipandishe hasira, kifua..." alianza mwana.

"Wewe nyamaza, nimekunyonyesha humu ndani."

Alitoka. Wakamsikia ukumbini, wakasikia kifuniko cha sanduku la vifaa kinafunguka, sanduku ambalo kwa miaka thelathini na minane hakuna mkono mwingine uliowahi kuingia. Fundi alishtuka kuliko kama angesikia kioo kinavunjika. Mama Pasi alirudi na nyundo mkono mmoja na tindo mkono mwingine, ile tindo ndefu ya kuvunjia zege. Aliviweka kitandani, akaenda akaivuta meza yake ya pasi kutoka chumba cha pili, ikilalamika sakafuni njia nzima, akaisimamisha chini ya dirisha. Akavua kandambili, akakanyaga kiti, akapanda juu ya meza.

"Mama, shuka. Kifua chako!"

"Kifua ni changu, nyundo ya baba yako. Shika meza isiyumbe, au toka nje."

Mwana alimtazama baba yake. Baba alikuwa anaitazama tindo. Basi mwana akaweka ufunguo wa gari mfukoni na kushika miguu ya meza, shingo upande.

Plasta ilikuwa laini pale juu ya dirisha, hakuna alama yoyote, kazi ya mkono usiokosea. Mama Pasi hakuhitaji alama. Aligonga kwa mpini wa nyundo, akasogea, akagonga, akasogea. Sauti ilikuwa ngumu, ngumu, ngumu, kisha ikawa nene na ya kinyonge. Ndani ya hayo matundu kulikuwa na karatasi za mifuko ya saruji zilizokunjwa, na plasta vidole viwili juu yake. Alijua kwa sababu alizikunja yeye. Siku ile alikaa chini hapo hapo akikunja na kumpitishia Fundi juu, moja baada ya nyingine, na aliposema kwamba chumba kitakosa hewa alisema mara moja tu, tena kwa sauti ndogo, kisha akaendelea kukunja. Sehemu ya hasira ya leo ilikuwa juu ya yule mwanamke aliyekunja.

Alisimamisha tindo, akapiga. Rangi ya mafuta ilipasuka, kipande kikaruka.

"Utaharibu!" alisema Fundi.

Akapiga tena.

"Mama Pasi! Ninakuomba. Huo ni ukuta wa..."

Akapiga tena.

"Unapiga linta hiyo!" Fundi alikuwa ameshafika mezani, mikono juu, kama anayetaka kuudaka ukuta. "Linta ndiyo iliyobeba ukuta wa juu ya dirisha! Panda juu. Vidole viwili juu!"

Alijisikia akisema, na akauma midomo. Alikuwa amechelewa.

"Hapa?" aliuliza Mama Pasi bila kugeuka.

"Kulia," alisema Fundi. "Kidogo tu. Hapo."

Pigo la tatu kutoka hapo, plasta ikaachia yote kwa mpigo mmoja, ikamwagika kichwani kwa mwana na kwenye viatu vyake vinavyong'aa. Mama Pasi aliingiza mkono mpaka kiwiko, akavuta. Karatasi ilitoka nyeusi, nzito, inateleza. Hakuitazama sana. Aliiachia ikaanguka chini, mbele ya miguu ya mumewe.

Fundi aliinama akaiokota. Aliipima uzito kiganjani, kisha akaikamua, na maji meusi yakapita katikati ya vidole vyake yakadondoka sakafuni. Hapo ndipo hewa ilipotakiwa kutokea, na ndipo maji yalipokuwa yamekaa yakimngoja. Alibaki ameishika. Hata mkewe, pamoja na ghadhabu yake, hakutaka kumwongezea neno.

Upande wa nje ilibaki plasta nyembamba tu. Fundi alinyoosha mkono.

"Nipe, nimalizie. Utaumia."

"Uliziba wewe," alisema Mama Pasi. "Nazibua mimi."

Akatumbukiza tindo, akapiga kwa nguvu zake zote, na tindo ikapita mpaka nje. Huko nje mwalimu mstaafu alisikika akiuliza kwa woga kama kuna usalama. Hakuna aliyemjibu. Alipotoa tindo, hewa ya baada ya mvua iliingia yote usoni kwake pamoja na vumbi la miaka minne, naye akakohoa vibaya, akajishikilia dirishani.

"Unaona sasa?" alisema mwana kutoka chini, mweupe kwa plasta. "Unaona, Mama?"

"Hiki kikohozi ni cha vumbi," alisema alipopata pumzi. "Kinaisha leo hii. Kile kingine mlitaka nikibebe nikakae nacho kwenye kochi."

Alibaki pale juu, uso kwenye tundu, anavuta hewa ndani. Ilikuwa baridi, ina harufu ya matope na ya moshi wa mtu anayepika mahali fulani. Alivuta tena. Chini yake zile nguo kwenye kamba zilianza kusogea kidogo, mashati yote kumi na mawili.

"Kwa hiyo hatuendi," alisema mwana. Halikuwa swali tena.

"Wewe nenda, mkeo anakungoja. Mwambie namshukuru, chumba chake ni kizuri. Nitakuja kula Jumapili, na jioni nitarudi kulala kwangu. Lakini kabla hujaenda, saidia kulitoa kabati hili hapa kwenye kona, lisimame mbali na ukuta. Na ukutani kuna kuvu ya kusugua, siyo ya kupaka rangi. Leo hapaki mtu rangi hapa."

Mwana alikunja mikono ya shati.

Fundi alikuwa ameiweka ile karatasi dirishani, akafuta mikono kwenye shati lake zuri bila kujua anafanya nini, akatoa penseli mfukoni. Alisogea ukutani, akatazama juu, akatazama chini, akapima kwa viganja. Kwa miaka yote hiyo alikuwa amesimama hivi katika nyumba za watu, penseli mkononi, akimuuliza mwenye nyumba swali moja kabla ya kuanza kazi. Mama Pasi alikuwa amelisikia mara nyingi mno akiwa amekaa juu ya mchanga na bakuli, akingoja. Lilikuwa halijawahi kuulizwa humu.

"Haya," alisema Fundi. "Tundu jingine unalitaka wapi, mama?"

Mama Pasi aliteremka taratibu, mguu kwa mguu, akakataa mkono wa mwanawe. Nyundo hakuiachia. Akampita mumewe, akaenda mbele mpaka jikoni, na Fundi akamfuata nyuma na penseli yake, akiweka alama kila alipoonyeshwa.